Bi Kisirani Ana Jambo

Mwalimu Mwanatumu amesomesha darasa la tatu hapa Mji wa Kale miaka thelathini. Anakaa ghorofa ya tatu. Magoti yake, asema, yalihamia ya chini zamani.

Ameandika kitabu kimoja tu, cha watoto, na msimulizi wake ni Bi Kisirani, bibi mnunaji asiyeona nyumba ila huona panapovuja. Ukurasa wa kwanza anamfukuza msomaji: “Kama una mpira, nenda kacheze. Mimi kisa hiki nilikuwako, na sikukipenda.” Akiulizwa hujambo, hasemi sijambo kama watu. Husema, “Ninalo. Tena kubwa, keti.” Mwanatumu alilisomea darasa lake, wakacheka hata mimi, ninayesomesha chumba cha pili, nikagonga ukuta.

Anastaafu Disemba, na hakutaka kingine ila kukiona kitabu hicho kimechapwa kabla hajaondoka. Basi Beryl, mhariri wa Nairobi, alipopiga simu, Mwanatumu alikaa kitako kusikiliza.

“Shikamoo, mwalimu. Kitabu tumekipenda. Ila hiyo ‘ninalo’ ni kosa, watoto watafeli mtihani. Tuweke ‘sijambo’, na huyo bibi acheke kidogo.”

“Marahaba. Si kosa, mwanangu. Bibi ana jambo.”

“Basi hatutaweza kukichapa. Nipe jibu Ijumaa.”

Mimi ningekataa papo hapo, lakini mimi sistaafu Disemba. Alhamisi alilifuta neno lile kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, na roho ikamuuma.

Ijumaa asubuhi aliingia darasani.

“Hamjambo?”

“Hatujambo, mwalimu!”

Wakaketi wote ila Mejumaa, binti mpole ambaye mamake yuko Arabuni kwenye kazi za nyumbani.

“Mimi ninalo, mwalimu.”

Wenzake wakacheka. Mwanatumu hakucheka.

“Lipi, mamangu?”

“Mama hapigi simu. Tangu Idi.”

Miaka thelathini amewauliza watoto hali kila asubuhi, na jibu la ‘hatujambo’ aliwafunza yeye mwenyewe. Aliniambia hayo pale mlangoni, huku akimtafuta Beryl kwenye simu. Alimwambia kitabu asikichape bila ‘ninalo’. Akalia kidogo, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio.

Kisha akarudi ndani kuwauliza upya, mmoja mmoja. Kengele ya mapumziko ililia hajafika safu ya pili.