Sponji ya Kiti cha Dereva

Miaka ile ya ugonjwa nilikuwa fundi wa viti vya magari pale Bakoba. Mwenye pikapu mmoja wa Kishanda alikuja akilalamika kwamba kiti kinamuumiza mifupa. Alikuwa amekonda, na sote tulijua kwa nini, ila hakuna aliyetamka. Nilimkalisha juu ya sponji, nikazungushia chaki pale mifupa ilipobonyeza, nikachimba kwa kisu na kujaza vipande laini vya godoro kuukuu. Mara tatu alirudi, mara tatu nikachimba zaidi. Kisha tukamzika migombani kwake.

Mdogo wake, mtu mnene, akarithi pikapu, akarithi na mjane. Mila gani hiyo! Nilikasirika, lakini nikanyamaza kama wengine. Alipoleta gari, niling'oa sponji ile yenye mashimo, nikaitupa kibandani nyuma ya karakana, nikamwekea mpya, ngumu.

Baada ya miaka michache akarudi.

"Fundi, kiti chako kigumu mno siku hizi."

Nikamkalisha. Alipoinuka, sikuhitaji chaki. Nilikwenda nyuma ya karakana, nikaokota sponji ya kaka yake, nikaipangusa vumbi.

Ilimtosha bila kukatwa.