Kicheko cha Upande wa Pili wa Ukuta

Kinyozi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja: maneno ya kazini hayavuki kizingiti cha nyumba. Jioni alipofunga duka, alifunga na mdomo.

Na mdomo wenyewe ulikuwa mdomo. Watu waliwapita vinyozi wenye mashine mpya, wakaja kubanana kwenye benchi lake lenye mguu uliofungwa waya, kwa ajili ya hadithi zake tu. Waliokwisha kunyolewa walikaa. Wenye vipara walikuja kupunguza kisichopungua. Iliyopendwa zaidi ilikuwa ya kijana aliyekuja kunyolewa siku ya kujitambulisha ukweni, usingizi ukampitia kitini. Kinyozi akamwonea huruma. Akanyoa nusu ya sharubu, akasubiri aamke. Kijana akaamka, akaona amechelewa, akatoka mbio vile vile. Mama mkwe akafungua mlango, akamtazama, akauliza, "Mwanangu, nusu nyingine iko njiani, au nifunge mlango?"

Nyumbani alivua viatu, akala, akafungulia redio. Mkewe alishinda peke yake chumbani na cherehani, akishona sare za shule, na hamu yake ya jioni ilikuwa ndogo: asikie sauti ya mtu.

"Habari za huko?"

"Salama."

"Hakuna jipya?"

"Nywele zimeota, nimekata."

Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe wala kumnyima chakula. Baba yake alimfundisha kwamba baba anayechekesha nyumbani hatatiiwa, naye akaamini kwamba kununa ni heshima. Wako wengi wa aina yake. Hujipa moyo kwamba wakimaliza kulea watoto ndipo watakaa na wake zao wazungumze, kana kwamba mazungumzo ni mahindi ya kuweka ghalani.

Siku moja mke alifunga cherehani mapema, akaenda dukani, akaketi mwisho wa benchi. Kinyozi alikuwa katikati ya hadithi. Alipomwona, akaikata pale pale, mkasi ukabaki ukilia peke yake.

"Fundi, umemeza kitana?" mteja mmoja akauliza.

"Mama watoto," akasema bila kugeuka, "kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna. Nimekuja kusikiliza kidogo. Watu wote mtaani wanakusikia."

"Hapa wanakaa wanaonyolewa."

Mke akasimama, akakung'uta nywele zilizodondokea kwenye kanga yake. "Wanasema kinyozi hajinyoi. Sawa. Na mkewe naye?"

Benchi zima likacheka, isipokuwa kinyozi. Mkewe hakwenda tena dukani.

Nyumba yao ilitenganishwa kwa ukuta mmoja na ya fundi viatu, mtu aliyenyolewa kila mara ndevu zilipochomoza. Alichokisikia kwa kinyozi alikifikisha kwa mkewe kikiwa bado kina moto. Baada ya siku ile, mke wa kinyozi alianza kwenda huko jioni kuazima chumvi, akirudi muda mrefu baadaye bila chumvi. Kinyozi alisikia vicheko ukutani. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha kujiachia, kikipanda na kukatika kama mtu aliyepaliwa. Alisonya, akaongeza sauti ya redio.

Watoto walikua, wakaenda kwao. Kisha mikono ya kinyozi ikaanza kutetemeka. Akamkata mteja sikio, naye mwenyewe akaona aibu, akafunga duka. Jioni ile, baada ya kula, hakuwasha redio. Akajikohoza.

"Mama watoto, nimewahi kukusimulia juu ya kijana wa sharubu?"

Mke alikuwa akifuta meza. "Wa nusu iko njiani?"

"Uliisikia wapi?"

"Kwa shemeji hapo jirani. Zamani."

"Basi ile ya mzee aliyeleta paka anyolewe."

"Hiyo pia. Ya polisi na shampuu pia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa iwapo mlango umefungwa. "Zote nimezisikia, baba. Ni nzuri."

"Hukucheka."

"Nilishacheka."

Mke wa fundi viatu akaita kutoka nje kwamba chai iko tayari. Mke wa kinyozi akatundika kitambaa msumarini, akachukua kigoda chake.

"Nikae na wewe?" akauliza mlangoni, kwa adabu.

Kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa maneno mengi, akatoa matatu: "Nenda tu. Wanakusubiri."

Akabaki mezani. Baada ya kitambo, kikapanda ukutani kile kicheko kikubwa, kikakatika kama mtu aliyepaliwa. Hapo ndipo alipotambua ni cha nani. Miaka yote alikifunika kwa redio, akidhani ni cha mke wa jirani.

Kanuni yake aliishika mpaka mwisho. Ilimgharimu kicheko cha mkewe: hakuwahi kukisikia akiwa naye chumba kimoja.