Waifai Yangu Ilivyotaka Kumuua Bibi Kabula

Mke wangu ameniruhusu kusimulia habari hii kwa sharti kwamba nisijipunguzie makosa, kwa hiyo naanza na kosa lenyewe: mimi, mwanaume mzima mwenye duka la spea za bodaboda hapa Katoro, nilipiga yowe mbele ya jumuiya nzima na nusura nisababishe kifo cha bibi wa watu.

Ilianzia kwenye hoteli moja ya supu karibu na stendi, wamebandika karatasi ya "Waifai ya bure", unakaa tu na simu inashika yenyewe bila kuulizwa chochote, nami nikaona huo ndio ukarimu. Basi fundi alipokuja kunifungia intaneti nyumbani, nikamkataza kuweka neno la siri.

Fundi akaguna. "Bosi, weka paswedi. Humjui atakayeingia."

"Jirani akija kuomba chumvi, unamuuliza paswedi?" nikamjibu, na jina nikaipa kabisa, KARIBUNI WOTE, nikajiona mkubwa wa mtaa.

Sasa Jumamosi moja asubuhi jumuiya ilikuwa inasali kwangu, watu kama ishirini, wengine mkekani, mwenyekiti wetu anaongoza rozari, tukiwa fumbo la tatu TV ikajiwasha. Hakuna aliyeigusa, rimoti ilikuwa mfukoni mwangu. Akatokea mwanamke nywele zimemwagika usoni, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nimekuja kumchukua mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni mimi.

Nikaizima. Ikatulia kwa Salamu Maria moja tu, ikajiwasha tena, na yule mwanamke akarudia maneno yale yale. Mtu akasema chomoa waya, lakini nani asogee? Niliogopa jamani, niliogopa mpaka masikio yakaziba.

Hapo akili yangu (kama ilikuwepo) ikamkumbuka Bibi Kabula, jirani wa nyumba ya nyuma, mjane anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kupikia wa miaka yote. Juzi yake alikuwa ameona taa za ile ruta ya intaneti dirishani, akaniuliza, "Baba Kulwa, hicho kinachokonyeza usiku kucha ni kitu gani?" Swali la mtu mzima tu, lakini mimi nikaropoka kwa nguvu zangu zote: "Ni Bibi Kabula! Aliulizia taa zangu!"

Mnajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu huhesabiwa mchawi, na jina lake likitajwa hivyo linaishia wapi. Wengine walitoka mlangoni, wengine dirishani, mmoja akapiga mwano, lile yowe la kuita watu, na kabla sijapata kandambili ya pili uwanja ulishajaa watu ambao hata kwenye sala hawakuwepo, wana fimbo, mmoja ana panga, wanaulizana, "Anakaa nyumba ipi?" Kidole kilichoonyesha nyumba kilikuwa changu.

Tulimkuta uani anapepeta choroko. Alipoona watu wanaingia aliweka ungo chini taratibu, hakukimbia wala hakuuliza kitu, akakaa anatutazama, na nilijua kwamba anajua. Hofu ya TV iliniisha pale pale, ikaniingia nyingine kubwa zaidi, nikataka kusema "ngojeni", lakini mwenye panga alishafika mbele.

Aliyetuokoa ni Sele, mpangaji wa nyumba ya pili, mchimbaji kutoka Mtwara aliyekuwa ametoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, alfajiri. Alikuja amejifunga shuka, simu mkononi, kakasirika.

"Kaka, TV yako ina nini? Nimeshika waifai yako naangalia filamu kitandani, nikabonyeza hapa, picha ikahamia kwako, na kila nikiiwasha unaizima!"

Akabonyeza mbele yetu, na kupitia dirisha la sebule yangu sote tukasikia: "Nimekuja kumchukua mwenye nyumba."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akanigeukia. "Baba Kulwa, waambie watu. Kwa sauti ile ile."

Nikasimama mbele ya umati, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, nikapaza sauti kwamba nimesema uongo, bibi hana kosa, kosa ni intaneti yangu niliyoiacha wazi. Nilirudia mara tatu maana wa nyuma hawakusikia. Walipoanza kutawanyika nikampigia bibi magoti.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba," akaniitikia, kwa adabu zake zote. "Na wale wa mbali waliosikia jina langu na hawakusikia haya, nani atawafuata?"

Nikainuka, nikaenda kumpigia fundi simu.

Fundi alirudi mchana ule ule, akaweka neno la siri refu, akanionyesha na simu zilizokuwa zimeingia kwangu (kumi na tisa, mimi nina mbili). Kazi ya dakika kumi. Jumatatu binti yake Bibi Kabula akafika kutoka Ushetu na pikapu kumchukua mama yake. Nilisaidia kubeba kitanda na magunia ya choroko, hakuna aliyeniomba na hakuna aliyenikataza.

Nimeapa mbele ya mke wangu, Mama Kulwa, kwamba kitu nisichokielewa nitamuita fundi, sitamtaja mtu. Nyumba ile ya nyuma mpaka leo haijapata mpangaji, watu wakiambiwa ilikuwa ya nani wanasema watarudi kesho.