Mwali Mwenye Pembe

Kabla ya yule mbuzi kuletwa, mambo yetu yalikuwa na utaratibu. Naomba nianze kwa kuueleza, maana asiyeujua hataona ajabu ya yaliyofuata.

Kiwanja chetu kiko nje kidogo ya Ujiji, kwenye mteremko wenye nyumba juu na michikichi chini, na katikati ya michikichi ziwa huonekana vipande vipande. Nilipostaafu kufundisha nilimpokea maksai aliyelima mashamba ya Kidahwe mpaka magoti yake yakakataa, na ambaye mmiliki wake alikwisha kupatana na mchinjaji. Baada ya maksai walikuja kuku waliokoma kutaga, kisha kondoo wawili, kisha mbuzi, hata mbuzi wakafika kumi na mmoja. Hakuna anayechinjwa hapa, hakuna anayeuzwa, na madume wote wamehasiwa ili asizaliwe yeyote ambaye hatukumtengea nafasi. Majirani wamepaita mahali hapa Kwa Wastaafu. Sijapata kuwauliza kama na mimi nimo katika idadi hiyo.

Kanuni zetu ni tisa, nimeziandika kwa mkono na kuzibandika kwenye mlango wa ghala. Iliyohusika ni ya saba. Ilisema kwamba mnyama mgeni atakaa karantini siku thelathini katika banda la chini, hatua arobaini kutoka kwa wenzake. Kwamba atahudumiwa na mtu mmoja tu, ambaye ni mimi, tena baada ya wengine wote kwisha kuhudumiwa. Na kwamba anayetoka humo ataosha miguu katika beseni la dawa. Kanuni hii sikuitunga kwa kupenda kutunga. Kuna wakati nilimpokea beberu mzuri wa sura, nikamwonea huruma, nikamchanganya na wenzake siku hiyo hiyo, na kikohozi alichokuja nacho kikaondoka na watatu. Niliwazika mwenyewe. Tangu hapo huruma yangu niliipangia siku ya kuanza kazi: siku ya thelathini na moja.

Hali ikiwa hivyo, masika yakielekea kwisha, akaja Bibi.

Bibi alikuwa akiishi mtaa wa pili kutoka kwetu, na kwa miaka mingi alikuwa somo, yaani mwanamke anayekaa na binti aliyewekwa ndani kabla ya harusi na kumfunda mambo ya ndoa. Nusu ya wake wa mtaa walipita mikononi mwake, na wangu ni mmoja wao. Siku hiyo mkononi alikuwa na mbuzi jike mweupe, mwenye sikio moja la kahawia, amefungwa shingoni kipande cha kanga badala ya kamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, nimekuletea mtu."

Akaeleza. Binti yake alikuwa anamchukua akaishi naye Kigoma mjini, kwenye nyumba ambayo ua wake wote ni saruji, hata mchicha hauoti, sembuse mbuzi kulala. Na habari zilikuwa zimekwisha kuenea. "Mchinjaji amepita kwangu asubuhi," alisema. "Amemsalimia mbuzi kabla ya kunisalimia mimi. Tena kamsalimia kwa kumpapasa mgongo."

Nikamsomea kanuni ya saba. Akaisikiliza mpaka mwisho.

"Siku thelathini?"

"Thelathini kamili, Bibi."

"Basi na mimi nahama siku ya thelathini na moja. Nikimwona anakula na wenzake, naondoka. Kabla ya hapo, huyo mwanangu anivute kwa kanga hii hii."

Nikamwingiza mbuzi banda la chini. Nilimwekea majani ya mpera, matete mabichi, maganda ya ndizi na bonge la chumvi ya Uvinza. Siku ya kwanza aliyapa mgongo. Siku ya pili alisimama akitazama juu mlimani, zilikotoka sauti za wenzake, na aliponiona alitazama kwingine. Siku ya tatu nilimwita bwana mifugo, kijana wa Kasulu asiyesema maneno mengi. Alimpima joto, akamsikiliza mapafu, akaweka ngumi ubavuni pake upande wa kushoto na kungoja tumbo licheze.

"Joto sawa. Kikohozi hana, kamasi hana. Mzee, huyu haumwi."

"Ana nini basi?"

"Mpweke. Mbuzi ukimweka peke yake anagoma. Lakini tumbo likisimama siku mbili tatu zaidi, mimi sitakuwa na dawa ya kukupa."

"Nimteremshie mwenzake mmoja?"

"Na kama ana kitu ambacho hakijajitokeza? Wale watatu unawakumbuka?"

"Nawakumbuka."

"Ego," akasema, ambayo kwa Kiha chake ni ndiyo, akafunga mkoba.

Nilikuwa bado nimesimama pale, nikipima kanuni kwa upande mmoja na mbuzi kwa upande wa pili, Bibi alipotokea na mkeka kwapani. Alichungulia juu ya uzio wa makuti ya michikichi.

"Mwalimu, huyu umemweka ndani?"

"Ndiyo, Bibi. Karantini."

"Umemfungia. Hatoki. Haonekani na watu. Siku thelathini."

"Ndiyo."

"Na somo wake yuko wapi?"

Nikageukia mlango wa ghala, zilikobandikwa kanuni.

"Mimi nimeweka ndani wasichana tangu wewe hujaota ndevu," alisema, na sauti yake ikapanda mteremko wote. "Sijamwacha hata mmoja peke yake, hata muda wa kuchota maji! Mwali anasemeshwa. Analishwa kwa mkono. Anachekeshwa. Ukimtupa peke yake anakonda, halafu siku ya kutoka bwana harusi anauliza, jamani, mmeniletea nani?"

Nikatafakari kusudi la kanuni mbali na maneno yake. Kikohozi cha mbuzi hakimpati mwanadamu. Mwanadamu aweza tu kukibeba kwa miguu na nguo zake. Basi kilichokatazwa kwa haki si watu, bali watu wanaokwenda kwa mbuzi wengine. Nilichukua kalamu, nikaegemea hori la maksai, nikaandika aya ya pili na kuisoma kwa sauti:

"Anaruhusiwa kukaa na mgeni mtu yeyote asiyefuga mbuzi wala kugusa mbuzi wengine, kwa sharti kwamba atavaa nguo isiyotoka bandani na ataosha miguu anapotoka."

"Rudia hapo kwenye kugusa," alisema Bibi.

Nikarudia.

"Na hapa ni nani anayegusa mbuzi wengine kila siku iendayo kwa Mungu?"

Mke wangu alikuwa akianua nguo. Alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yangu mapajani.

"Sasa kaa nje, Mwalimu," alisema Bibi, akivua viatu. "Na ni vizuri. Mwanamume kwa mwali anatafuta nini?"

Ndivyo nilivyofukuzwa katika banda langu kwa mwandiko wangu. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakugusa mbuzi hata mmoja, alikuwa na sifa zote, na akawa wa kwanza kuingia. Alasiri hiyo wakaja wanawake wengine wawili wa mtaa, wakaleta kanga nne kuukuu za kuachwa bandani. Ilibidi waondoke na kurudi, kwa kuwa kanga mbili hazikufanana na wao walitaka sare.

Mimi nilipewa kigoda nje ya uzio. Sikutaka kupoteza kumbukumbu za mgonjwa, kwa hiyo niliwapa bakuli na punje za mahindi, nikawaagiza kwamba kila mara mbuzi anapokataa jani, watie punje moja bakulini. Nilitaka kujua ukubwa wa kukataa kwake. Kesho yake niliuliza kupitia makuti:

"Amekataa mangapi?"

"Ishirini na matatu," alijibu mke wangu. "Na moja ametutemea."

"La kutema lihesabiwe pia. Joto?"

"Mwalimu!" ilidakia sauti nyingine. "Joto la mwali unalitakia nini?"

"Kuna kipimajoto kwenye kikapu."

"Tumekiona," alisema mke wangu. "Mume wangu, kinawekwa wapi?"

Nikaeleza, kwa maneno ya heshima niliyoweza kuyapata. Kisha kikazuka kicheko ambacho kiliangusha kitu, na nilipoona maji ya dawa yakitiririka chini ya uzio nikajua ni beseni. Niliwaomba walijaze upya kabla ya mtu yeyote kutoka. Walilijaza, wakicheka.

Kati ya vicheko nilimsikia Bibi akifanya kazi yake. Alikuwa amekaa mkekani, mdomo karibu na lile sikio la kahawia, na hakuwa na haraka.

"Huko juu kuna jike mzee mwenye pembe moja. Huyo ndiye mama mkwe. Siku ya kwanza akikupiga kichwa, vumilia, unasikia? Siku ya pili mrudishie. Usipomrudishia siku ya pili, utakula mwisho maisha yako yote."

Mbuzi hakula, lakini mke wangu alitoa taarifa kwamba amelala chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aje, na kwamba kidevu chake kiko kwenye goti la Bibi.

Siku ya tano ya karantini, saa kumi alasiri, nilikuwa kwenye kigoda nikiandika kwamba bakuli limefika punje thelathini na moja, na kwamba nikiona siku nyingine kama hii sijui nitamwambia nini Bibi. Ndani walikuwa wanacheka jambo alilosema Bibi, jambo ambalo mpaka leo sijaambiwa. Ghafla kicheko kikakatika.

"Mwalimu! Hesabu imeliwa!"

"Imeliwa na nani?"

"Na mwali mwenyewe!"

Alikuwa amenyoosha shingo katikati ya wanawake wawili walioinama kwa kucheka, akatia mdomo bakulini, akala kukataa kwake kote, punje moja baada ya nyingine, kisha akainua kichwa kuuliza kama kuna zaidi. Nilisimama, kigoda kikaanguka. Nilikimbia mpaka ukingoni mwa beseni, na hapo nikakumbuka kanuni na kusimama. Kwa kuwa sikuweza kuendelea mbele na furaha haikukubali kurudi nyuma, niliruka pale pale. Mke wangu anasimulia kwamba niliruka mara nyingi. Kwa usahihi, zilikuwa tatu.

"Mahindi basi!" nilipaza sauti mara nilipoipata. "Tumbo lilikuwa limelala, litajaa gesi! Mpeni maji na majani makavu, kidogo kidogo!"

"Tunajua kulisha mwali, Mwalimu!" walijibu kwa pamoja.

Alipokea jani la mpera kutoka mkono wa Bibi, kisha la pili. Asubuhi bwana mifugo alikuja, akaweka tena ngumi ubavuni, akangoja, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. "Linanguruma kama lori la Kasulu," alisema.

Kuanzia hapo shida yangu ilikuwa kuwazuia watu. Niliweka kiwango cha wawili kwa mpigo pamoja na Bibi, nikapanga zamu, na zamu zikagombewa. Mwanamke mmoja alimhamishia mbuzi wake kwa dada yake Katonga ili apate sifa ya kuingia. Nilimwambia angoje siku kumi, afue nguo zake zote na kusugua viatu. Alizingoja na kufanya yote.

Siku ya thelathini na moja bwana mifugo alimpima kwa mara ya mwisho, akatia sahihi. Wanawake walikuja na ngoma mbili. Niliwaomba waziache getini, kwa kuwa maksai hapendi ngoma, nao wakakubali kumtoa mwali kwa makofi ya taratibu na kuimba kwa sauti ya chini. Hatua arobaini zilichukua karibu nusu saa, kwa sababu mwali alikuwa amefunikwa kanga mpya mgongoni na kila baada ya hatua chache alisimama kuila pindo.

Wale kumi na mmoja walirudi nyuma wakatazama. Kisha jike mwenye pembe moja akatoka mbele yao, akamzunguka mgeni, akampiga kichwa cha ubavu.

"Kumbuka!" alisema Bibi.

Mbuzi alivumilia. Alisogea pembeni, akapata nafasi kati ya kondoo na ukuta, akatia mdomo horini na kuanza kula. Bibi alimtazama mpaka akacheua. Akafungua kile kipande cha kanga shingoni mwake, akakikunja, akamwambia mke wangu ampigie binti yake simu.

Alihamia Kigoma jioni hiyo hiyo. Asubuhi yake mbuzi alimrudishia yule jike mzee, kwa kishindo, na Bibi akaarifiwa kwa simu kabla ya chai. Mbuzi wetu sasa ni kumi na wawili. Kanuni ya saba ina aya mbili, na banda la chini likiwa na mgeni, mimi siruhusiwi kuingia.