Wapangaji wa Muputu

Babangu alikuwa na desturi iliyonichekesha tangu utotoni: kabla ya kukata mti alibisha hodi. Aligonga gome kwa kisigino cha shoka, akangoja. Wakitoka wale wadudu bapa, wa rangi ya gome lenyewe, wakubwa kama mbegu ya boga, alilibeba shoka lake akaenda kwenye mti mwingine. Aliwaita balokateri, yaani wapangaji. Hawakai popote ila chini ya gome kuukuu la mti uitwao muputu, lile lililoanza kubanduka, na muputu hauna gome la namna hiyo mpaka uzeeke. Nilimtania kwamba iko siku watamfungulia na kumkaribisha chai.

Tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipompumzisha, alichoma makaa porini, upande wa Kapolowe, nami nilikwenda kuchukua magunia ya kuuza sokoni Kikula. Zamani pori lilianza mara tu ukiiacha barabara. Kisha wachomaji wakawa wengi, na wachimba mawe ya madini nao wakataka magogo ya kuegemeza mashimo yao. Ndege walipungua. Nilianza kuogopa kukaa pale peke yangu, na ajabu ni kwamba pori lilipokuwa limefungamana sikuwahi kuliogopa.

Mwaka jana, majira ya baridi, katika kipande chake cha pori ulibaki muputu mmoja mkubwa. Ulikuwa na wapangaji, nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, na yeye pia. Lakini tanuru lilikuwa tupu na nyumbani sufuria zilikuwa tupu vilevile.

Alikwenda kuugonga asubuhi sana, nyasi bado zimelowa umande. Kimya. Wadudu hao wakishikwa na baridi hawasogei hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Papa, ngoja kwanza jua itoke," nilimwambia. "Na hii baridi, badudu habawezi kutoka."

"Minagonga, mama. Hakuna muntu amejibu." "Mama" ndivyo alivyoniita mimi binti yake.

"Weye unajua bako mu ndani."

Akagonga tena, polepole, kama mtu anayeomba asisikike. Kisha akaanza kukata. Nilimpenda babangu, na asubuhi ile nilimchukia.

Muputu ulianguka jua likiwa limeshapanda juu ya visiki. Mimi niliketi juu ya gunia, sitaki kumtazama. Yeye alisimama akijifuta jasho. Joto likaanza kuingia kwenye gome, na wapangaji wakatoka, kwanza wachache, halafu wengi, wakashuka kwenye shina lililolala mpaka ardhini. Nilidhani watatawanyika. Hawakutawanyika. Walikuwa wanatafuta kitu kilichosimama, na pale hapakuwa na kilichosimama ila babangu.

Walipanda viatu, wakapanda suruali, wakapanda shati. Hakuwapangusa. Alilidondosha shoka, akaiweka mikono mbali na mwili, akatulia hivyo huku wao wakipita shingoni na kujisukuma chini ya ukosi wa shati, wakitafuta pa kuingia. Nilisimama.

"Mama," aliniambia kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa, "batafutie muti ingine."

Nikatazama kila upande, mpaka kule barabarani ambako malori yalikuwa yanapita. Yalionekana yote, toka magurudumu mpaka juu, bila mti hata mmoja wa kuyakinga.