Samaki wa Baridi Waliofia Njiani Kwenda Riyadh

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikitaka kuisahau hainipi nafasi. Ni siku tuliyotoka Jeddah na lori la samaki hai kwenda Riyadh. Nakusimulia kwa sababu umeniandikia kwamba umepata kazi kwenye shamba la samaki huko nchi za baridi, na unaniuliza mimi baba yako mdogo kama kazi hiyo ina kesho. Vumilia, nitakujibu kwa mwendo wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Tanga na cheti cha ufugaji wa samaki, na kiburi kikubwa kuliko cheti chenyewe. Kafili wetu, yaani tajiri wa Kisaudia aliyetudhamini kuingia nchini, ambaye sote tulimwita baba, alikuwa ameingiwa na wazo la kufuga trauti jangwani, ndani ya banda nje ya Riyadh, kwa mashine za kupoza maji. Trauti ni samaki wa nchi hizo unazozitamani. Maji yakipata joto kidogo anakosa pumzi. Vifaranga waliletwa kwa ndege hadi Jeddah, tukawatunza wiki kadhaa kwenye matangi ya ghala moja kule mtaa wa Karantina.

Msimamizi wetu alikuwa Ami Shee, mtu wa Lamu, mpole, hana maneno mengi. Baba alikuwa amemwahidi kwamba samaki wakifika salama atakuwa mkuu wa shamba la Riyadh, na ataruhusiwa kumleta mkewe. Bi Zuhura alikuwa mgonjwa wa moyo, na haja yake ilikuwa moja tu, aione Makka kabla hajafa. Ami alishampangia hata chumba atakacholala. Ukimsikia akilisimulia dirisha la chumba hicho ungedhani anasimulia ikulu.

Siku mbili kabla ya safari alituita akatuambia samaki wasipewe chakula tena mpaka tufike. Wakisafiri wameshiba, alisema, watachafua maji njiani na uchafu wao wenyewe utawaua.

Mimi nikamwona mkali bure. Kwetu mtu hatoki nyumbani na tumbo tupu. Mama yangu alikuwa radhi tukose basi kuliko tuondoke bila chai. Na wale samaki kila nikipita walinifuata ukingoni mwa tangi, midomo juu, wananidai. Perege wa kwetu nimewahi kuwalisha na kuwapakia, wala hawakufa. Basi asubuhi ya safari, Ami aliponipa ufunguo wa stoo nikachukue nyavu, nilitoka na nyavu na ndoo ya chakula. Walikiparamia mpaka nikacheka peke yangu. Mjinga hucheka mapema, na mimi nilicheka kweli.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Saa nne hivi tukasimama kukagua. Ami akafungua kifuniko, akaona povu limetanda juu ya maji. Akaniuliza taratibu, "Uliwapa kitu?"

Nikamjibu, "Hapana, Ami."

Hapo ndipo nilipowaua, si kwenye ndoo. Tulikuwa na mapipa ya maji baridi ya akiba. Angejua wamekula, angebadilisha maji palepale. Lakini aliniamini, akadhani pampu ya hewa ndiyo mbovu, akapoteza saa nzima juani akiifungua na kuifunga, jasho linamtiririka, na mimi nimemshikia spana. Spana, mwanangu! Mdomo nilikuwa nao, nikashika spana.

Tulipofika Riyadh kabla ya Magharibi, matangi yote yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki waliopinduka. Ami akachukua mmoja akampasua kwa kisu. Chakula kilikuwamo. Akakitazama, akanitazama, akafuta kisu.

Baba akaja. Naye akakiona kile chakula, akauliza ufunguo wa stoo anao nani. Ami akaniangalia tena, akangoja. Nikaangalia ndala zangu. Nilifikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, nikafikiria aibu ya kurudi Tanga.

"Ninao mimi," akasema Ami Shee.

"Halas, yamekwisha," akasema baba. Wiki haikuisha, Ami alikuwa amerudishwa kwao.

Banda lile lilifungwa baadaye, nami nikapata kazi kwenye ghala la baridi karibu na Bandari ya Jeddah, nilipo hadi leo. Kila siku nafungua maboksi ya samaki wa kufugwa kutoka nchi za baridi. Umeniuliza kesho yao. Siioni, na sitaki kukudanganya. Bahari zao zinapata joto. Vizimba vinavamiwa na chawa wa samaki na yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, na maboksi ya samaki wenye vidonda naona yanaongezeka. Sasa wanawahamishia nchi kavu, kwenye matangi ya kufungwa na mashine za kupoza maji, yaani wanakwenda kulekule tulikoshindwa sisi. Watakwambia mitambo inaona kila kitu. Mitambo haikumwona mtu mmoja mwenye ndoo. Kwenye tangi la kufungwa, kosa la mmoja likifichwa saa moja linamaliza wote.

Miaka mitatu baada ya safari ile nilipata likizo, nikaenda Lamu. Bi Zuhura alikuwa ameshazikwa. Ami alinikaribisha vizuri, akaniletea kahawa. Nikamwambia kila kitu, nalia.

"Nalijua," akasema. "Nilikungoja useme. Ungesema kule njiani samaki wangepona. Ungesema kwa baba, wewe ungerudi kwenu, mimi ningebaki, na Zuhura angaliiona Makka."

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe. Kisha akaniuliza kama nitakunywa kikombe kingine, na habari ya Zuhura hatukuizungumza tena mpaka nilipoondoka. Ukweli niliubeba miaka mitatu, na siku nilipoutua haukumfaa mtu yeyote.

Basi nenda ukitaka, mwanangu, sikukatazi, ingawa moyo wangu hauko radhi. Ila ukifika, kazi za ugenini usizifanye kwa mazoea ya nyumbani, waulize waliotangulia. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, sema saa ileile, hata kama utafukuzwa. Usingoje kuulizwa mara ya pili, maana mimi sikuulizwa mara ya pili.

Mungu akuhifadhi na baridi ya huko. Akupe wasimamizi kama Ami Shee, na akuepushe na kumfanyia yeyote kati yao nililomfanyia mimi. Amin.