Gari la Msiba Halikosekani

Amefariki yule dereva wa pikapu wa Mitole. Habari ilinikuta Kivinje, nyumbani kwetu, nikiwa napepeta mchele, na nilipofika Mitole walikuwa wameshamwosha. Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa si kawaida yangu kuandika tanzia, kwa sababu tanzia humgeuza kila marehemu kuwa malaika, na mimi malaika sijakutana nao. Huyu alikuwa mbishi, alivuta sigara akiendesha, na hakuna fundi aliyeshika gari lake asitukanwe. Lakini kifo chake kimeniachia hasira, na hasira ni afadhali niiandike kuliko kulala nayo.

Pikapu yake ilikuwa ya aina ambayo siku hizi huioni. Mbele ilikuwa gari dogo la kutembelea, lenye kiti laini na usukani mwepesi. Nyuma, pale ambapo magari mengine yana viti vya abiria na buti, kulikuwa na bodi fupi la mizigo. Ilikaa chini, karibu na ardhi, na vijana wa Nangurukuru walipenda kumuuliza kama alikuwa anaendesha au anatambaa. Siku moja nilimuuliza anaipendea nini. "Dada," akaniambia, "ukiendesha lori unarudi nyumbani mgongo umekufa. Ukiendesha teksi, ukikutana na gunia la ufuta unabaki kulitazama tu. Hii inakwenda kama gari la bwana mkubwa na inabeba kama punda. Halafu ukikaa chini, shimo unalisikia makalioni kabla hujaliona." Alisema hivyo huku akiifuta vumbi kwa kitambaa cha shati lake la zamani, na nadhani mkewe hakuwahi kufutwa jasho kwa upole ule.

Kwa kuwa ilikuwa gari na ilikuwa lori, ilikwenda kila mahali. Ilibeba korosho, mabati, wagonjwa, maiti na mabibi harusi. Nakumbuka harusi moja Kivinje alipofika na boneti limepambwa asumini, naye kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Shangazi wa bibi harusi akasimama mlangoni. "Gari hili si ndilo lililoleta maiti Ijumaa? Mwanangu haingii humo." Yule dereva akamjibu taratibu, "Shangazi, maiti alilala nyuma. Mbele hajawahi kukaa hata mmoja, wote wanapenda nafasi ya kujinyoosha." Shangazi alijaribu kuendelea kukasirika, akashindwa. Bibi harusi akapanda, na njia nzima alipelekwa kwa gia ya pili ili shela isiingie vumbi.

Kisa cha mama yangu ni kingine, na hicho sikicheki. Nyonga zilipomkataa, kila tulipotaka kumpeleka hospitali ilikuwa vita. Kumpandisha kwenye gari refu kulihitaji wanaume wawili wamshike makwapani, kanga ikimvuka mbele ya wakwe zake, naye alikuwa anaona bora afie chumbani. Yule dereva aliirudisha nyuma pikapu yake mpaka ikagusa baraza, akashusha mlango wa nyuma, ukalala sawasawa na sakafu, akatandika godoro. Kisha akaenda zake pembeni kuvuta sigara, kisogo kwetu. Mama alijisogeza mwenyewe mpaka kwenye godoro. "Leo sijabebwa," akasema, na kwa mwezi mzima hakuwa na habari nyingine ya kuwasimulia wageni.

Kisha gia boksi lilikufa. Vipuri vya gari la namna ile havitengenezwi tena, mafundi wakamwambia aiuze kama chuma chakavu, akawafukuza. Pikapu ikakaa juu ya mawe uani kwake. Magari hayakupungua kwa sababu hiyo. Siku hizi huku kwetu kila aliyefanikiwa ana dabo kebini, refu, vioo vyeusi, na dereva wake anakutazama utosini. La kwanza kufika Mitole lilikuwa la mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, ambaye yeye mjomba alimlea, akamfundisha kuendesha kwa pikapu ile ile na kumwingiza katika biashara ya korosho. Sina ugomvi na urefu wa gari, barabara zetu nazijua. Ugomvi wangu ni kwamba tumenunua magari ambayo mgonjwa hawezi kuyapanda, na tumeona ni maendeleo.

Mjane wa marehemu alinisimulia asubuhi ya kifo ilivyokuwa, tukiwa tumekaa wanawake ndani mkekani. Mumewe aliamka akishika kifua, jasho linamtoka, anapumua kwa shida. "Nilimpigia mpwa wake kwanza. Akasema gari iko gereji. Nikampigia dereva wa ofisi fulani anayekaa hapo juu, akasema lazima aombe ruhusa kwa bosi, na bosi hapokei simu. Mwingine akaniuliza, mama, anatapika? Nikasema anatapika. Akasema basi nitakupigia." Hakupiga. Wakamweka kwenye bodaboda, mwendeshaji mbele, mkwewe nyuma akimshikilia kiunoni, katikati yeye, wamebanana kama mshikaki, kichwa kinaning'inia. Njia ya Mitole hadi lami ni mbaya hata kwa mtu mzima wa afya. Alipofikishwa hospitali Kivinje, waliompokea hawakuwa na la kufanya ila kumfumba macho.

Sasa sikilizeni. Baada ya saa chache lile dabo kebini la mpwa lilikuwa Kivinje, limefungwa tawi la majani mbele, kuchukua maiti. Lilikuwa limeoshwa. Kufikia alasiri magari yalijipanga tangu msikitini hadi karibu na makaburi, na lile la ofisi lilikuwamo, limeleta wafanyakazi kutoa pole.

Huku kwetu watani wana ruhusa ya kumtania yeyote msibani, na mtani wa ukoo ule alikuwepo, bibi kizee wa Kimwera. Alikwenda mpaka kwenye gari la mpwa, akalipapasa boneti kama anayempima mtoto homa. "Nalipa pole hili gari," akasema, "maana nasikia ndilo lililokuwa mgonjwa. Gereji gani hiyo, mwenzangu, inayoponya gari kwa kusikia mtu amekufa? Nami nipeleke magoti yangu." Watu wakacheka. Mpwa naye akacheka, desturi haimruhusu kununa, akatoa noti ya utani, bibi akaikunja kwenye pindo la kanga, mambo yakaisha. Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu. Ukweli ulisemwa hadharani, kila mtu aliusikia, na tukautumia kuchangamshia msiba.

Nimewaza sana kwa nini mtu yule yule anyime gari asubuhi na alitoe mchana. Si ubahili, mafuta ni yale yale. Mgonjwa huombewa gari kwa simu, na anayekataa hukataa peke yake, hakuna shahidi. Mgonjwa pia huchafua viti, na akikufia njiani watu watasema gari lina mkosi. Lakini msibani wote tupo, kila gari linaonekana na asiyekuja hutajwa. Tumekuwa hodari wa kuzika kwa sababu maziko yana watazamaji. Marehemu alipeleka wagonjwa miaka yote ile bila kutazamwa na mtu. Kwa hiyo niseme wazi, na jamaa zangu wenye magari mnanisoma: siku nitakapokufa nipelekeni makaburini mabegani, wala msihangaike kuyaosha magari yenu. Nileteeni gari siku nitakayokuwa natapika.